KILA MTU MBELE YA NYUMBA YAKE
Somo la kikundi kuhusu ushirikiano na ubunifu katika kukuza kazi za eneo letu



Tunapotembelea vikundi vijijini na mijini, tunakutana na jambo moja mara kwa mara. Vijana wamepata mafunzo ya ushonaji, vyerehani vimenunuliwa, vyeti vimetolewa na risala imesomwa mbele ya mgeni rasmi. Mwaka unaofuata mtaa huohuo una mafundi cherehani kumi, wote wanashona sare za shule na wote wanasubiri mwezi wa Januari. Hakuna aliyefanya vibaya. Mwalimu alifundisha, mwanafunzi alijifunza, mfadhili alitoa fedha. Lakini kila mmoja alifanya sehemu yake peke yake, na hakuna aliyekwenda kumwuliza mnunuzi anahitaji nini.

Tunaona hali hiyohiyo katika ufugaji wa kuku, utengenezaji wa sabuni, uchomeleaji na kilimo cha mboga. Mafunzo yapo, vikundi vipo, mikopo ipo, ila kazi haziongezeki. Katika toleo hili tunataka kuangalia kwa nini inakuwa hivyo, na nini kinaweza kufanyika watu wa eneo moja wanapokubali kukaa pamoja.

Somo limeandaliwa kwa ajili ya kamati za maendeleo za makanisa, viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, walimu wa vyuo vya ufundi na maafisa maendeleo ya jamii. Linaweza kufanyika katika vikao viwili vya saa moja na nusu kila kimoja. Mwisho wa somo washiriki waweze:

- kueleza tofauti kati ya kikundi na kongano;
- kutaja watu na taasisi zinazohusika na zao au kazi moja katika eneo lao;
- kupanga hatua ya kwanza ambayo wanaweza kuifanya bila kusubiri mfadhili.

SEHEMU YA KWANZA: TUJIFUNZE KUTOKA KATIKA NENO LA MUNGU

Someni kwa pamoja Nehemia sura ya 3. Wengi wetu huiruka sura hii kwa sababu imejaa majina magumu. Safari hii isomeni polepole, na mmoja wenu aandike ubaoni kila kazi au cheo kinachotajwa.

Mtaona orodha ya kushangaza. Eliashibu, kuhani mkuu, alianza na Lango la Kondoo pamoja na makuhani wenzake. Katika mstari wa 8 tunamkuta mfua dhahabu na mtengenezaji wa manukato. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu, aliyetawala nusu ya wilaya ya Yerusalemu, ambaye alijenga pamoja na binti zake. Mwishoni mwa sura wamo wafanyabiashara. Tena si wote walikuwa wenyeji wa mji. Wamo watu wa Yeriko, wa Gibeoni, wa Mispa na wa Zanoa, ambao walitoka nje ya Yerusalemu wakaja kushika sehemu yao.

Tuangalie mambo manne.

Kwanza, mara kadhaa tunaambiwa kwamba mtu alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe (mistari ya 10, 23, 28 na 29). Anayelala karibu na ufa ndiye anayejua ufa ulipo, na ndiye atakayeumia usipozibwa.

Pili, mfua dhahabu hakuwa fundi wa mawe. Alikuja na alichonacho, akajifunza kazi iliyokuwa inahitajika wakati ule.

Tatu, kila sehemu ilipakana na nyingine. Ukuta wenye pengo kati ya sehemu mbili nzuri bado si ukuta. Ndiyo maana sura nzima inarudia kutuonyesha nani alijenga karibu na nani.

Nne, si wote waliokubali. Mstari wa 5 unasema wakuu wa Tekoa walikataa kujishughulisha na kazi hiyo. Hata hivyo watu wa kawaida wa Tekoa waliendelea, na katika mstari wa 27 tunawaona wakichukua sehemu ya pili. Nehemia hakusimamisha kazi ili kuwabembeleza wakubwa. Nehemia 6:15 inatuambia ukuta ulikamilika kwa siku 52.

SEHEMU YA PILI: MFANO WA WAKULIMA WA MWANI ZANZIBAR

Sasa tuangalie mfano wa nyakati zetu, kutoka pwani ya Tanzania.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya mashariki ya Unguja, vikiwemo Paje na Jambiani. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa amefanya utafiti wa mwani kwa miaka mingi. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino, nazo ni za aina mbili: spinosamu na kotonii. Mkulima hupigilia mambo mchangani, hufunga kamba kati ya mambo mawili, na katika kamba hiyo hufunga vipande vya mwani. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana. Baada ya wiki chache mwani huvunwa, huanikwa ukakauka, na kuuzwa kwa makampuni yanayousafirisha nje. Huko viwanda hutoa ndani yake kitu kinachotumika kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno, vyakula na vipodozi.

Wakulima wengi wa mwani ni wanawake. Kwa akina mama wengi hii ilikuwa mara ya kwanza kuwa na fedha yao wenyewe mkononi. Walinunua sare na madaftari, wakaezeka nyumba kwa bati. Ni haki kusema kwamba zao hili lilibadilisha maisha ya vijiji.

Lakini matatizo mawili yalijitokeza. La kwanza ni bei. Katika miaka ya mwanzo kampuni ilimpa mkulima kamba na mbegu, na mkulima aliuza kwa kampuni hiyohiyo, kwa bei iliyopangwa na mnunuzi. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kotonii, ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya spinosamu, ilianza kufa. Katika miaka ya 2000 akina mama waliona mwani unageuka mweupe, unalainika na kukatika kutoka kwenye kamba. Maji ya ufukweni yanapokupwa hupata joto kali, na kadiri bahari inavyopata joto, kotonii hushindwa kuvumilia. Sehemu nyingi zikabaki na spinosamu peke yake, ambayo ni ngumu lakini bei yake ni ndogo.

Hapa tutulie kidogo. Vikundi vya wakulima vilikuwepo tayari. Akina mama walisaidiana kupigilia mambo, kuvuna na kuanika. Umoja wao ulikuwa na nguvu, lakini umoja peke yake haungeweza kujibu swali la kwa nini mwani unakufa, wala haungeweza kuwapatia mnunuzi mwingine. Wote walikuwa na ujuzi uleule na tatizo lilelile.

Mwaka 2006 kulianzishwa kongano ya mwani Zanzibar, ikiwa sehemu ya mpango wa kongano bunifu uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kongano maana yake ni wazalishaji wa bidhaa moja katika eneo moja, pamoja na wale wote ambao kazi yao inagusa bidhaa hiyo: watafiti, maafisa wa serikali, wanunuzi, wauza vifaa na watoa mikopo. Mratibu wake alikuwa Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Unguja. Wazee wetu walisema figa moja haliinjiki chungu. Katika kongano mafiga ni matatu: wazalishaji, wataalamu na serikali.

Kila mmoja alileta alichonacho. Akina mama walileta elimu yao ya bahari. Walijua ni sehemu gani maji hupata joto mapema, ni mwezi gani mwani huchafuka, na upepo gani hung'oa mambo. Watafiti walileta vipimo na majaribio. Serikali ilikuwa na maafisa wake katika wilaya na mamlaka ya kutoa vibali.

Tunda la kwanza lilikuwa bidhaa mpya. Wakulima walijifunza kusafisha mwani, kuukausha juu ya chanja badala ya mchangani, kuusaga kuwa unga na kutengeneza sabuni. Unga wa mwani huchanganywa na mafuta ya nazi, kostiki na viungo vinavyopatikana hukohuko visiwani, kama karafuu. Huko Kidoti, kaskazini ya Unguja, kikundi cha akina mama kinachoitwa Tusife Moyo kimejulikana kwa sabuni zake za mwani. Vikundi vingine vimetengeneza mafuta ya kujipaka, jemu, juisi na keki. Mwani uliokuwa unauzwa kwa kilo kama malighafi, sasa kiasi fulani chake kinauzwa kwa kipande, kikiwa na jina la aliyekitengeneza.

Tunda la pili lilikuwa majaribio ya kulima katika maji ya kina, ambako joto ni dogo. Wakulima na watafiti walijaribu kamba zinazoelea na neti ndefu zenye umbo la bomba, ambazo hushikilia mbegu zisichukuliwe na mawimbi. Hapo likajitokeza jambo ambalo lisingeonekana ofisini. Akina mama wengi hawakujua kuogelea, wala hawakuwa na boti. Neti nzuri haina faida kwa mtu asiyeweza kuifikia. Ikabidi mafunzo ya kuogelea na ya kutumia boti yawe sehemu ya kazi ya kilimo.

Tuseme ukweli pia kuhusu yaliyobaki. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar imeendelea kuuzwa ikiwa imekaushwa tu, kwa sababu soko la sabuni ni dogo ukilinganisha na mavuno, na kiwanda cha kusindika mwani kinahitaji mtaji mkubwa. Bei ya spinosamu bado inawakatisha tamaa wengi, na wapo waliouacha mwani wakatafuta kazi nyingine. Mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianzisha wizara ya uchumi wa buluu na uvuvi, na mwani ni mojawapo ya mambo inayoyashughulikia. Kongano haikumaliza matatizo. Iliwapa wakulima mahali pa kuyajadili pamoja na watu wenye uwezo wa kusaidia, na iliwapa njia zaidi ya moja ya kupata kipato.

Ng'ambo ya mpaka, huko Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, wakulima wa mwani nao wamefanya kazi na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), na wanatengeneza sabuni. Inaonyesha kwamba njia hii inaweza kufuatwa na wengine.

SEHEMU YA TATU: TUNAJIFUNZA NINI?

1. Kikundi na kongano ni vitu viwili tofauti, na vyote vinahitajika. Kikundi huunganisha watu wanaofanana, nao hupata nguvu ya kusaidiana. Kongano huunganisha watu wasiofanana, nao hupata mawazo ambayo hakuna mmoja wao angeyapata peke yake. Mafundi cherehani kumi wakiungana wanaweza kununua vitambaa kwa bei ya jumla. Wakikaa na mwenye hoteli, hospitali na mwalimu wa ufundi, wanaweza kugundua kwamba mashuka na magauni ya wauguzi yanaagizwa kutoka mbali kila mwaka.

2. Ubunifu huanza na tatizo la mwenye kazi. Katika mfano wetu swali lilitoka baharini: mwani wetu unakufa, tufanye nini? Mpango unaoanza na mashine aliyoipenda mfadhili mara nyingi huishia na mashine iliyofunikwa turubai.

3. Mafunzo yafuate kazi. Hakuna mtu aliyepanga toka mwanzo kwamba mkulima wa mwani afundishwe kuogelea. Ulazima ulionekana kazini. Chuo cha ufundi kinachozungumza na wenye karakana na wakulima kila muhula kitajua ni ujuzi gani unakosekana. Kisichozungumza nao kitaendelea kufundisha kile ambacho walimu wake wamezoea.

4. Jaribio liwe dogo na kumbukumbu ziandikwe. Mtu maskini hawezi kubahatisha shamba lake lote. Kamba chache za majaribio zikishindwa, familia bado inakula. Lakini jaribio lisiloandikwa halimfundishi jirani.

5. Ushirikiano hauulizi dini wala kabila. Wakulima wengi wa mwani katika mfano wetu ni dada zetu Waislamu, na tunajifunza kutoka kwao kwa shukrani. Nabii Yeremia (29:4-7) aliwaagiza watu waliohamishiwa Babeli wautafutie mema mji walimokaa na kuuombea, maana mji ukistawi nao watastawi. Kanisa linalotafuta kazi kwa vijana wake tu halijasoma barua hiyo vizuri.

SEHEMU YA NNE: JINSI YA KUANZA KATIKA ENEO LENU

Hatua hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji daftari, uvumilivu na mtu mmoja anayeaminika na pande zote.

Hatua ya 1: Chagueni zao au kazi moja. Iwe ile ambayo watu wengi wa eneo tayari wanaifanya, kwa mfano asali, alizeti, useremala, maziwa au dagaa. Msichague kitu kipya kwa sababu tu kinavuma redioni.

Hatua ya 2: Choreni ramani ya watu. Katikati ya karatasi kubwa andikeni zao lenu. Pembeni andikeni kila mtu au ofisi inayoligusa: wazalishaji, wauza pembejeo, wasafirishaji, wanunuzi, bwana shamba au bibi shamba, chuo cha ufundi, SACCOS, ofisi ya viwango, mtafiti wa chuo au kituo kilicho karibu. Kwa wasomaji wa Tanzania Bara, msisahau SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na vyuo vya VETA. Wekeni alama kwa wale mnaowafahamu kwa sura. Wale wasio na alama ndio mnaopaswa kuwatembelea.

Hatua ya 3: Watembeleeni kabla ya kuwaita. Mwende watu wawili, msikilize kuliko kusema. Mwulizeni kila mmoja: ni nini kinachokwamisha kazi yako katika zao hili? Andikeni majibu.

Hatua ya 4: Iteni kikao kimoja kifupi. Mahali pawe pale ambapo wote watajisikia huru. Ukumbi wa kanisa unafaa ikiwa wote wanaukubali. Kama sivyo, tumieni shule au ofisi ya kata. Msianze na risala. Anzeni na majibu ya hatua ya 3, kisha mchague tatizo moja tu. Hakikisheni wazalishaji wanazungumza kwanza, na akina mama na vijana hawakai nyuma wakinyamaza.

Hatua ya 5: Kila mmoja aahidi kitu kidogo mbele ya nyumba yake. Mnunuzi alete sampuli ya bidhaa anayoitaka. Mwalimu atoe siku mbili za karakana. Wakulima watenge mistari michache ya majaribio. Ahadi ziandikwe pamoja na jina na tarehe.

Hatua ya 6: Kutaneni tena baada ya miezi mitatu. Someni ahadi moja baada ya nyingine. Asiyetimiza asiaibishwe, bali aulizwe nini kilimzuia. Mara nyingi kizuizi hicho ndicho tatizo linalofuata la kushughulikia.

Tahadhari mbili. Mratibu asiwe mnunuzi wala mtu anayegombea cheo, kwa kuwa wengine hawatakuwa huru kumweleza shida zao. Na fedha za mfadhili zikija, zisije kabla watu hawajazoea kukutana bila posho. Kikao kinachoishi kwa posho hufa siku posho inapokwisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika Nehemia 3, ni kazi au cheo gani kilichowashangaza? Kwa nini?
2. Katika eneo letu, ni mafunzo gani ambayo vijana wengi wameyapata lakini hawana kazi? Nani hakuulizwa kabla ya mafunzo hayo kuanza?
3. Wakulima wa mwani waliwajua watafiti, na watafiti waliwajua wakulima. Ni mtaalamu gani aliye karibu nasi ambaye hatujawahi kuzungumza naye? Tunaogopa nini?
4. Neti zilikuwa tayari, lakini akina mama hawakujua kuogelea. Taja mfano wa chombo au mradi katika eneo letu ulioshindwa kwa sababu ya jambo kama hilo.
5. Wakuu wa Tekoa walikataa. Tutafanya nini ikiwa viongozi wetu hawataonyesha nia?
6. Sehemu ya ukuta iliyo mbele ya nyumba yangu ni ipi? Kila mshiriki ajibu kwa sentensi moja, na katibu aandike.

Malizeni kwa sala. Mwombeeni kila mtu kwa jina, pamoja na ile sehemu aliyoitaja. Waombeeni pia wale walioandikwa kwenye ramani yenu ambao hamjawafahamu bado, kisha mpange nani atakwenda kuwatembelea kabla ya mwezi kwisha.